Uyoga Wenye Meno ya Tumbili

Shamba letu la mahindi liko Maramba, kando ya msitu. Kila siku mama yetu, Bertha, alipalilia. Mimi na mdogo wangu Precious, wa miaka sita, tulifukuza tumbili.

"Wezi nyie! Kavaeni suruali!" Precious aliwapigia kelele.

Siku moja, baada ya mvua, tumbili alichuma uyoga mweupe. Akauuma, akautema, akautupa. Nilimwona.

Mama aliuokota. Akaona alama za meno.

"Tumbili hali sumu," alisema. "Embe aliloliuma si ndilo tamu? Chumeni!"

"Mama..." nilianza.

"Sema basi! Au tumbili kaondoka na ulimi wako?"

Precious alicheka. Niliona haya, nikanyamaza.

Tuliupika kwa nazi, tukala na ugali. Kesho yake alfajiri sote tulitapika na kuharisha. Siku iliyofuata tulipata nafuu.

"Yamepita," Mama alisema. Hatukwenda hospitali.

Siku ya tatu macho ya Precious yalikuwa ya manjano. Ndipo Mama akambeba mgongoni hadi hospitali. Tulilazwa sote. Mimi na Mama tulirudi nyumbani. Precious hakurudi.

Mwanasiti, mhudumu wa afya wa kijiji chetu, alikuja kutupa pole.

"Lakini tumbili aliula!" Mama alilia.

"Dada Bertha, tumbo la tumbili si la mtu. Chakula chake chaweza kukuua. Tena tumbili akija kuiba utamsikia, utamfukuza. Uyoga wa sumu uko kimya. Hata ukiuchemsha, sumu haitoki. Unaumwa, unapata nafuu, kumbe ini linaharibika."

"Tungefanyaje?"

"Uyoga usioujua kwa hakika, uache. Ukishaula, nenda hospitali upesi, hata kama huumwi. Chukua na kipande cha uyoga wenyewe."

Ndipo nikasema, "Tumbili hakuula. Aliutema. Nilimwona."

Mama alinitazama.

Mvua za mwaka huu, jirani yetu Jenifa alipita na kapu la uyoga wa msituni.

"Mama Jenifa, unaujua uyoga huo?" nilimwita.

"Uyoga ni uyoga, mwanangu."

Nililishika kapu lake. Nilimweleza yote, kwa sauti, njiani, mbele za watu. Akaumwaga wote.

Watoto wake wanne ni wazima. Asubuhi wanapita shambani kwetu, wakiwatukana tumbili.

Mama husikia, akaendelea kupalilia. Hanitanii tena kuhusu ulimi wangu.