Baridi ya Ubah

Ubah aliomba blanketi adhuhuri, na Berbera yote ilikuwa inachemka.

Ulikuwa mwezi wa saba. Wenye uwezo walikwisha kupanda milimani kukimbia joto, na mbuzi waliobaki mjini walijibanza kwenye kuta bila kulia. Dahabo, mama yake, alikuwa jikoni akikoroga mchuzi.

"Blanketi? Watu wanalowesha mashuka ndipo walale, wewe unataka blanketi?"

"Mama, tafadhali. Nasikia baridi."

Dahabo akacheka. "Nyie wa siku hizi mkizaa mara moja tu mnajifanya malkia." Akamfunika, akarudi kwenye chungu chake. Ndipo akasikia meno ya binti yake yakigongana, kama vikombe juu ya sinia la mtu anayekimbia.

Kicheko kikamkauka.

Ubah alikuwa mzazi mbichi. Binti yake alizaliwa siku chache nyuma, chumba kile kile, mikononi mwa mkunga wa mtaa. Mtoto alitoka salama, kondo la nyuma likatoka kwa shida, vipande vipande. Tangu hapo madirisha yalifungwa na chetezo hakikuzimwa. Mzazi hatoki nje kabla ya arobaini. Majini hupenda damu ya uzazi, na ubani huwaweka mbali.

Jirani yao Ibado, kiongozi wa ngoma za kupunga majini, aliitwa. Alimtazama Ubah machoni, akamvuta Dahabo jikoni.

"Dada, huyu ana mgeni," alinong'ona. "Mgeni wa baridi."

"Anataka nini?"

"Anataka mlango. Ukimtoa mwanao nje kabla ya arobaini, umemfungulia. Choma ubani. Moshi usikatike."

Jioni Guled, mume wa Ubah, alirudi kutoka bandarini akinuka jasho na chumvi. Alikaa dakika chache na mkewe, akatoka uso umembadilika.

"Mama, nimeongea na mwenye gari. Tumpeleke hospitali."

"Arobaini haijafika."

"Ameniita kwa jina la marehemu baba yake!"

"Huyo ni mgeni anasema, si yeye."

"Sasa mimi nimlinde nani, mama? Mgeni au mke wangu?"

Dahabo akatia ubani chetezoni. Na kwa kuwa mkwe hapandishi sauti mbele ya mama wa mkewe, Guled aliinamisha kichwa, akaenda kukaa kizingitini.

Kulikuwa na jambo ambalo Dahabo hakumwambia mtu. Chini ya ubani kulikuwa na harufu nyingine. Tamu, nzito, kama nyama iliyosahauliwa ndani ya kitambaa. Kila ilipoinua kichwa, aliongeza ubani.

Kesho yake mchana mji ulilala. Upepo wa jangwani ulikuwa unasugua mabati, na Dahabo, ambaye hakufumba jicho tangu jana, alisinzia kando ya kitanda. Aliposhtuka, makaa yalikuwa majivu na chumba hakina moshi, na katika ukimya ule alisikia pumzi mbili, moja fupi na ya mbio, kama ya mtu anayefukuzwa mlimani, na nyingine ndefu, nzito, tulivu, kama ya mlinzi aliyeketi langoni. Akatazama nyuma ya pazia, akainama chini ya kitanda, akaweka sikio ukutani, akazunguka chumba kizima na pumzi zile zikizunguka naye, mpaka alipoweka sikio juu ya kifua cha mwanawe na kuzikuta zote mbili mle ndani.

Akafunua blanketi. Miguu ilikuwa ya barafu, na magotini ngozi ilikuwa na mabaka ya zambarau kama wavu. Na ile harufu, isiyo na moshi wa kuisitiri, ikainuka ikamjaa usoni.

Hakuwa ameifukuza. Alikuwa ameificha.

"Ubah, mama yangu. Nani yuko nawe?"

Midomo ya Ubah ilikuwa imepasuka. "Mlinzi," alinong'ona. "Anasema kuna mwizi ndani. Anasema atachoma nyumba yote mpaka ampate."

"Guled!" Dahabo alipiga ukelele. "Guled, lete gari!"

Hospitali walimtundikia maji mikono yote miwili, wakamfunika pua kwa kifaa cha hewa. Daktari alikuwa mwanamke kijana aliyeitwa Sagal. Alimkalisha Dahabo kwenye benchi.

"Kipande cha kondo kilibaki, mama, kikaoza. Uchafu umeingia kwenye damu. Vijidudu tunavipiga kwa dawa. Lakini sasa si vijidudu pekee vinavyomuua. Mwili wake unajilinda, na umepandwa na hasira. Ulinzi wenyewe unamuunguza figo, mapafu, moyo."

Dahabo alimgeukia. "Kwa hiyo huyo mlinzi ni wake."

"Mlinzi gani, mama?"

"Hamwezi kumwambia aache?"

"Ndicho tunachojaribu. Mngekuja ja—" Sagal akalimeza neno.

Ubah alifariki wakati wa alasiri, mume wake akimshika mguu mmoja, mama yake mwingine, kana kwamba kuna mtu upande wa pili anamvuta.

Siku ya pili ya msiba nyumba ilijaa wanawake. Walikuwa wakijipepea kwa ncha za shungi, jasho likiwachuruzika shingoni. Ibado akajisogeza karibu.

"Pole, dada. Alau mgeni ameondoka."

"Hakuja mgeni, Ibado."

Dahabo alikuwa amempakata mjukuu, akimdondoshea maziwa ya mbuzi kwa kijiko. Mtoto hakumeza. Maziwa yalimtiririka shavuni. Dahabo akampangusa, akarekebisha nguo, na mkono wake ukagusa unyayo mdogo.

Ulikuwa baridi.

Akainuka. Ibado akamdaka pindo. "Unampeleka wapi? Huyu hana arobaini! Na mchana huu, dada, mlango—"

Dahabo aliusukuma mlango kwa bega. Alikimbia pekupeku kuelekea hospitali juu ya mchanga unaochoma, Guled akimfuata bila kuuliza, na njia nzima mdomo wake haukuondoka kwenye kile kifua kilichokuwa kikipanda na kushuka kwa mbio.

"Taratibu," alimsihi mlinzi aliyekuwa mle ndani. "Taratibu, ndugu yangu. Nyumba yenyewe ni ndogo."