Mabawa ya Hässelby

Saa nne asubuhi. Jordbro, Uswidi.

Chumba cha nyuma cha gereji kilinuka mpira. Augustino alichora nyumba kwa chaki juu ya tairi la lori: mlango, ukumbi, kabati la kioo. Akafuta kwa kiganja, akachora tena. Walikuwa watatu tu. Yeye mwenye mpango, Olive mwenye funguo, Jibril mwenye usukani.

Olive, Mganda, alifanya usafi katika nyumba hiyo ya Hässelby kila wiki. Aliwaeleza aliyoyasikia kwa mzee mwenye nyumba huku akipangusa vumbi. Ile deraya ya kabatini, vazi la chuma la vitani, ilikuwa ya mpanda farasi wa Poland. Jeshi lao lilibeba mikuki mirefu kupita kimo cha watu wawili, na wengine walivaa mabawa ya mbao yaliyopachikwa manyoya ya ndege. Mwaka 1655 Waswidi waliingia Warszawa, mji mkuu wa Poland, wakazoa silaha, mazulia, hata nguzo za marumaru. Babu wa mababu wa mzee huyo alikuwamo.

"Kwa hiyo tunamwibia mwizi," Augustino alisema. "Mpolandi anayenunua anasubiri bandarini Gdańsk. Anataka cha kwao kirudi."

Sheria yake ilikuwa moja: viatu vinavuliwa mlangoni, kama wafanyavyo Waswidi. Jirani akimwona dirishani mtu wa soksi amebeba kitu, atadhani ni mkwe. Akimwona wa viatu, atapiga simu.

Jibril hakuhitaji kuambiwa. Mama yake alimfundisha hilo tangu anatambaa. Alichokiwaza ni kibali chake cha ukaazi. Akifungwa, atarudishwa Tanga, na binti yake Felicia, aliyejibu Kiswahili chake kwa Kiswidi, atabaki kwa mamaye. Alikuwa akilala kwenye kochi la watu Fittja. Alitaka chumba ambamo Felicia angeweza kulala. Basi.

Saa saba mchana. Hässelby.

Mkesha wa Midsommar, sikukuu ya katikati ya kiangazi. Mtaa mzima ulikuwa umekwenda kucheza ngoma mashambani. Olive alifungua, akazima king'ora. Jozi tatu za viatu zikapangwa mlangoni. Vya Jibril vilikuwa na soli nene za ndani, alizotengenezewa kliniki kwa sababu mguu wake wa kushoto ni mfupi.

Ukumbini, deraya iling'aa, msalaba wa shaba kifuani. Jibril alibeba mabawa, moja kila kwapa, kama anayebeba watoto wagonjwa.

"Kawashe gari, mdogo wangu," Augustino alisema. "Viatu vyako nakuletea."

Jibril akakanyaga changarawe kwa soksi. Wenzake wakaja na deraya, na mfuko wa plastiki uliofungwa fundo. "Utavaa mbele ya safari. Kanyaga mafuta," Augustino alisema.

Mvua ilianza walipoipita Jordbro.

Saa tisa alasiri. Bandari ya Nynäshamn.

Foleni ya meli haikusogea. Augustino aliteremka kufuata tiketi. Jibril akafungua fundo. Ndani mlikuwa na viatu vya bustani, vya kizee, vimejaa udongo.

"Dada Olive. Vyangu viko wapi?"

Olive alikuwa nyuma, kando ya mabawa.

"Kabatini. Augustino kaviweka pale deraya ilipokuwa."

"Na wewe ukamtazama."

"Aliniambia wakimpata mwenye viatu, hawatamtafuta mwenye funguo." Akaziweka funguo kitini, akafungua mlango. "Nisamehe, kaka."

Akashuka, akaenda zake mvuani. Jibril hakumlaani. Aliwaza kwamba labda naye, angekuwa na funguo, angenyamaza. Kwenye dirisha la tiketi Augustino alikuwa akimtania msichana wa Kiswidi, mgongo umegeuka.

Soli zile zilipigwa chapa ya namba yake ya utambulisho, inayoanza na tarehe ya kuzaliwa. Augustino aliwahi kuiona siku walipobadilishana viatu vya mpira, akacheka kwamba Uswidi humwandika mtu mpaka nyayoni.

Lakini mzee hakutarajiwa kabla ya Jumapili. Kurudisha vitu, kuchukua viatu, kufunga mlango. Jibril akakata usukani, akatoka kwenye foleni.

Saa kumi na nusu. Hässelby.

Uani palikuwa na gari. Waswidi wote wanajua mvua ya Midsommar haikosi, na mzee alikuwa ameyakimbia mahema ya wanawe huko mashambani.

Mlango ulikuwa wazi. Jibril alikuwa ameshashusha mabawa alipomwona. Mzee alikuwa ameketi kwenye kibao cha kuvalia viatu, kwa soksi, kiatu cha Jibril mapajani, simu sikioni. Alikuwa ameichomoa soli, akiisoma polepole, tarakimu baada ya tarakimu.

Mwaka. Mwezi. Siku. Felicia alizijua kwa moyo. Alizoea kuziimba akimtania baba yake.

Gari lake lilikuwa bado linanguruma. Angeweza kukimbia, lakini namba ilikwisha kutangulia polisi.

Jibril akayaegemeza mabawa chini ya paa, manyoya yasizidi kulowa. Akajifuta miguu kwenye zulia, akaingia.