Jiwe Jeusi Sebuleni mwa Chesang

Jumamosi hiyo, Chesang, jirani wa shangazi yangu kule Kariandusi, alikuwa amesimama sebuleni akimenya viazi vya mchana. Redio ilikuwa ikiimba. Jua lilikuwa limejaa dirishani.

Nyumba ilikuwa mpya. Kuta zake zilikuwa za mawe ya manjano, yale mepesi yaliyotokana na majivu ya volkano, ambayo msumeno huyakata kama mkate. Aliijenga kwa jasho lake, baada ya shemeji zake kumfukuza bomani kwa marehemu mumewe na kumtupia nguo matopeni. Na kwa kuwa ilikuwa yake, aliipamba. Katikati ya ukuta wa sebule aliweka jiwe jeusi aliloliokota korongoni, jiwe la volkano linalong'aa kama chupa.

Fundi Makokha hakulipenda.

“Mama Kigen,” akamwambia, akimwita kwa jina la mwanawe, “hii jiwe inakataa simiti. Nikiipachika jioni, asubuhi naipata chini.”

“Ongeza simiti, fundi.”

Mwishowe likashika.

Basi siku hiyo redio ikanyamaza yenyewe. Chesang akainua macho, na macho yakaangukia lile jiwe. Ndani yake aliiona sebule yote: kochi, meza, mlango wa mbele. Mlango wenyewe ulikuwa umefungwa kwa komeo. Ndani ya jiwe ulikuwa wazi, na mwanamke mwenye begi alikuwa akitoka, amefunga kitambaa cha kijani.

Chesang akajigusa kichwani. Kitambaa chake kilikuwa cha kijani.

“Mama Kigen,” ukuta ukanong'ona. “Toka.”

Ilikuwa sauti ya mumewe. Hata kile kikohozi chake kilikuwemo.

Kisu kikamponyoka. Miguu ikaanza kwenda yenyewe. Ikafika mlangoni. Mkono ukashika komeo. Chuma kilikuwa baridi, na ubaridi huo ndio uliomzindua.

“Wewe si yeye,” akasema polepole. “Mume wangu hakuniita Mama Kigen hata siku moja. Hata akikata roho aliniita Chesang.”

Kisha ukuta ukavuta pumzi.

“Toka.” Safari hii haikuwa sauti ya mumewe. Haikuwa sauti ya mtu.

Chesang hakutoka. Alikwenda jikoni, akachukua nyundo aliyoiacha Makokha, akarudi.

“Watu walinifukuza nikalala njiani,” akasema. “Leo nifukuzwe na jiwe? Toka wewe!”

Akapiga. Kipande kikamchana shavu. Akapiga tena. Damu ikamwingia mdomoni, akaitema, akapiga. Jiwe likapasuka lote na kumwagika sakafuni. Nyuma yake, mahali Makokha alipojaza simiti, palikuwa na shimo lenye unyevu, likinuka nywele zilizoungua.

Makokha aliitwa jioni aje kuziba pengo. Aliingilia jikoni, akafika sebuleni, akasimama kama mti.

“Mama Kigen. Nani ametembea hapa?”

Chini ya shimo zilianza nyayo za miguu mitupu, nyeupe kama vumbi la machimboni. Mguu mmoja ulikuwa wa mtu mzima. Mwingine ulikuwa wa mtoto mchanga. Zilikwenda hadi mlango wa mbele, ambao komeo lake halikuwa limefunguliwa, zikaendelea nje hadi kando ya lami. Hapo zikaishia.

“Wacha hii nyumba,” Makokha akanong'ona. “Tafadhali.”

“Kilichokuwamo kimetoka,” Chesang akajibu. “Mimi niko.”

Akaleta ndoo, akapiga deki. Nyayo zote zikafutika isipokuwa unyayo mmoja mdogo, pale kizingitini. Alisugua kwa sabuni, kwa mchanga, kwa brashi ya chuma. Haukutoka. Upo hadi leo, na kila asubuhi Chesang huukanyaga akienda sokoni.

Zile nyingine zote zilikuwa zikielekea nje. Huo mmoja, vidole vyake vinaelekea ndani.