Ng'ombe Sita Kwenye Diversheni ya Kisaju

Saa nne asubuhi. Chumba cha nyuma ya agroveti, Kitengela. Magunia ya chakula cha ng'ombe yamepangwa mpaka dirishani. Harufu ya dawa ya kupe inawasha pua.

Gakuru alichora barabara kwa chaki sakafuni. Aliwahi kuwa fundi wa injini kwenye feri za Ziwa Victoria, akafukuzwa.

"Lori moja. Propela mbili za feri, shaba tupu. Zimetoka kurekebishwa Arusha, zinaenda Kisumu. Feri imelala miezi saba, wanazingojea kama mvua."

"Na watu wa visiwani wanavuka na nini?" Saruni aliuliza.

"Boti za mbao. Wengine hawafiki. Hiyo si shida yako."

Brayo, dereva, akacheka. "Mzae, wewe leta ng'ombe tu. Hatujakuita bunge."

Saruni hakucheka. Kiangazi kilikuwa kimemaliza ng'ombe wake thelathini na wanne. Alibaki na sita, mbavu nje. Gakuru alimwahidi nyasi kavu, marobota mia tatu. Bila hiyo nyasi, wiki moja tu na boma ni tupu.

"Hakuna mtu ataumia?"

"Hakuna."

Saa tisa na nusu alasiri. Kisaju, kwenye diversheni ya vumbi ambapo malori hutambaa. Brayo alikuwa ameng'oa nambari za pikapu. Gakuru alibandua hata stika ya kanisa kiooni. Wote watatu walivaa boshori za kufunika uso. Alama za ng'ombe hakuna aliyezifikiria. Kila mmoja alikuwa na alama ya moto pajani, ya boma la kina Saruni, na masikio yaliyokatwa vile babake alivyokuwa akikata.

Saa kumi na dakika tano. Lori likatokea. Saruni akapiga mluzi mrefu. Ng'ombe wakasimama katikati ya njia. Walizoea hivyo, hawatoki mpaka wasikie ule mfupi.

Breki. Brayo akafungua mlango, bastola mbele. Dereva wa lori akaruka upande wa pili, akapotelea vichakani. Utingo akabaki, mikono juu. Akaangalia paja la ng'ombe. Akamwangalia mwenye fimbo.

"Supa," akasema polepole, kwa Kimaasai.

"Epa," Saruni akajibu. Mdomo ulitangulia. Salamu ya rika haiachwi hewani, hata na boshori usoni.

Alikuwa Katoo. Walitahiriwa asubuhi moja, wakalala ngozi moja mpaka vidonda vikapona.

"Anamjua," Brayo akasema. "Tumechomeka."

Gakuru akamfunga Katoo mikono kwa kamba ya turubai, akamsukuma ndani ya lori. "Tutamshusha kwa machimbo."

"Ulisema hakuna mtu ataumia."

"Nilisema kabla umsalimie. Toa wanyama wako."

Gakuru akashika usukani. Brayo akarudi kwa pikapu, nyuma. Injini ikanguruma.

"Piga mluzi, Saruni."

Midomo ilikuwa imekauka. Mluzi mmoja mfupi, ng'ombe watoke, nyasi iingie bomani jioni hii. Nyuma ya kioo Katoo alimwangalia tu. Hakuomba kitu.

Saruni akafunga mdomo.

"Utazikusanya na sepetu, basi," Gakuru akasema, akakanyaga mafuta.

Ng'ombe mwekundu aliangushwa wa kwanza. Wa pili akaingia chini ya gurudumu, lori likayumba. Propela zikateleza na uzito wao wote upande mmoja. Lori likalala mtaroni, limewaburuta na ng'ombe wengine.

Brayo akageuza pikapu. Hakusimama hata kuuliza nani mzima.

Katoo akatoka kwa dirisha, damu kwenye paji la uso. Gakuru alibanwa na usukani, anatukana kwa Kikikuyu. Saruni akamkata Katoo kamba.

"Tupa hiyo boshori," Katoo akasema. "Enda."

Saa kumi na dakika hamsini. Polisi, na wachungaji wengi wa pale, wote na shuka, wote na fimbo. Saruni alikuwa kati yao. Hakuwa ameenda.

"Hizi ng'ombe ni za nani?" afande akauliza.

"Sijui, afande," Katoo akajibu. "Zilikuwa zinavuka tu."

Watano walikuwa wamekufa. Mmoja, mtamba mwenye mimba, alikuwa anapumua, miguu ya nyuma imevunjika. Mchungaji mmoja akachomoa kisu, akangoja. Ng'ombe wa mtu hachinjwi bila neno la mwenyewe.

Mtamba akalia, sauti nyembamba.

Saruni akapita katikati ya watu, akapiga magoti, akamshika shingo.

"Mmalize," akasema. "Ni wangu."

Kisha akamnyooshea afande mikono yote miwili.