Kipande Kilichoanguka Mtoni

Kila Jumamosi, jua likianza tu kuchomoza, Mbeyu alikuwa tayari kwenye shamba la mpunga la baba yake karibu na Minjila, kombeo mkononi, akiwinga ndege. Kazi hiyo haikumpa mtu nafasi ya kukaa. Ukiwafukuza huku, wanatua kule. Baba yake, Kitsao, alikuwa amempa onyo moja tu.

"Piga kelele utakavyo, kimbia utakavyo, lakini mtoni usikanyage. Mamba hana mzaha."

Haikuwa hadithi ya kutishia watoto. Mwezi uliopita mamba alikuwa amemburuta ndama wa jirani mchana kweupe.

Jumamosi moja, saa nne hivi za asubuhi, rafiki yake Hope alipita na ndoana. "Twende dakika kumi tu," akamwambia. "Kambare wamejaa." Mbeyu alitazama njia ya nyumbani, akautazama mpunga, kisha akamfuata.

Hawakuwa wametupa ndoana mara ya pili walipoisikia ndege ndogo ikija kutoka upande wa Lamu. Ndege kama hizo walizizoea, kwa hiyo hawakuinua hata vichwa. Ghafla ukasikika mlio, pah! kama bati linalopasuka, na injini ikaanza kunguruma vibaya. Kitu kikashuka kutoka angani kikizunguka, kikajichimbia kwenye tope hatua chache kutoka waliposimama. Kisha injini ikazimika. Kimya kile kiliwatisha kuliko kelele. Ndege ikapita juu ya miti bila sauti, ikizidi kushuka, ikielekea malishoni upande wa Garsen.

Mbeyu alikichomoa kile kitu topeni. Kilikuwa kipande cha chuma, kipana kama kiganja, na upande mmoja kimepakwa rangi ya manjano.

"Usimwonyeshe mtu," Hope alinong'ona. "Watauliza tumekitoa wapi."

Wakakificha ndani ya makuti ya kibanda cha shambani, kisha wakakimbilia malishoni pamoja na watu wengine.

Waliikuta ndege imeinama, pua imezama ardhini, gurudumu la mbele limevunjikia kwenye kichuguu. Abiria wawili walikuwa wameketi nyasini wakitetemeka, lakini wazima. Rubani, mwanamke aliyeitwa Esha, alikuwa ameushika mkono wake uliovunjika, na bado alikuwa akiwauliza abiria kama wameumia popote. Wazee walilisimamisha gari moja barabarani, akapelekwa hospitali ya Ngao.

Tangu saa hiyo Mbeyu hakutulia. Kanisani hakusikia mahubiri. Darasani aliandika kwamba saba mara nane ni hamsini na nne, akafuta, akaandika vilevile. Kila alikopita, watu walikuwa na neno lao. Waliokwenda kutazama ndege walikuwa wameona kwamba panga moja la propela, yale mapanga yanayozunguka mbele, limekatika ncha. "Rubani amegonga kichuguu, propela ikavunjika," walisema. "Angewaua watu kwa uzembe." Mbeyu alitaka kuwaambia kwamba ncha ile ilikatika ndege ikiwa juu. Kila mara aliikumbuka sauti ya baba yake, akaumeza ulimi.

Jumanne, mchunguzi wa ajali za ndege alifika shuleni. Aliitwa Josephine. Mwalimu Jotham aliwakusanya wanafunzi uwanjani.

"Natafuta kipande cha chuma chenye rangi ya manjano," Josephine alisema. "Rubani anasema kilikatika angani. Wengine wanasema kilikatika aliposhuka. Aliyekiokota akilete. Sitamwadhibu."

Jioni hiyo Mbeyu alikifunga kipande ndani ya leso, akaenda malishoni. Nusura ageuke alipomwona baba yake pale. Kitsao alikuwa mmoja wa wanakijiji walioombwa kuilinda ndege.

"Shikamoo," Mbeyu alimwamkia Josephine, akafungua leso.

"Marahaba, mwanangu. Umekiokota wapi?"

Mbeyu alimtazama baba yake. "Hapa," akajibu. "Nyasini, karibu na kile kichuguu."

Josephine alikiweka kipande kwenye panga lililokatika. Vikaoana. Akashusha pumzi, akatoa kalamu.

"Kama kilikuwa hapa, basi kilikatika aliposhuka," alisema polepole. "Maneno ya rubani hayana ushahidi. Pengine hataruhusiwa kurusha ndege tena."

Kalamu ilianza kuandika. Mbeyu alikuwa amedhani kwamba akikileta tu kipande mzigo utamtoka, kumbe ndio kwanza umekuwa mzito.

"Usiandike!" akapaza sauti. "Tafadhali, madam, usiandike. Nimesema uongo. Kilianguka mtoni. Nilikiona kikishuka, na injini ilikuwa bado inalia."

"Mtoni?" Kitsao aliuliza. "Ulikuwa mtoni?"

"Ndiyo, baba. Niliuacha mpunga nikaenda kuvua samaki. Nisamehe."

Mishipa ya shingo ilimsimama Kitsao. Kisha akaokota fimbo yake. "Tangulia," alimwambia. "Tuonyeshe mahali penyewe."

Walitembea karibu kilomita mbili. Kitsao alipiga maji kwa fimbo, akayatazama kwa muda, ndipo akawaruhusu wengine kusogea. Shimo lilikuwa bado topeni, jembamba na refu, na ndani yake mlikuwa na chembe za rangi ya manjano. Josephine alilipiga picha kila upande, akapima, akaandika. Siku hiyohiyo Hope naye aliitwa mbele ya wazazi wake, akaeleza yaleyale.

Siku tatu baadaye Kitsao alimpeleka Mbeyu Ngao. Rubani Esha alikuwa kitandani, mkono umefungwa plasta. Josephine alikuwa amekwisha kumpigia simu kwamba uchunguzi umeonyesha panga lilikuwa na ufa wa zamani ndani yake, ambao jicho lisingeuona.

"Kumbe ni wewe," Esha alisema, akamshika mkono. "Watu wawili walinikabidhi maisha yao, na nilianza kuamini kwamba mimi ndiye niliyekaribia kuwaua. Ahsante."

Mbeyu alilia.

Walipotoka nje, Kitsao alisimama.

"Kwa kwenda mtoni, mwezi mzima hutacheza baada ya shule. Hilo halibadiliki."

"Ndiyo, baba."

"Lakini sikiliza. Ulipomletea yule mchunguzi kipande ukamficha mahali kilipoanguka, ulikaribia kumwangamiza mtu asiye na kosa. Ukweli ukiutoa nusu, ile nusu nyingine inaweza kumwumiza mwenzako kuliko uongo mtupu. Siku ukikosa, njoo uniambie yote, hata kama unaniogopa. Nitakasirika, kisha yatakwisha. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, baba."

Kitsao alimfuta machozi kwa ncha ya shati lake, wakashika njia ya kurudi nyumbani.