Mfereji wa Mama Benite

Asubuhi ile Epiphanie alikula ugali wa muhogo na ndagala, dagaa wa ziwani, akaosha sahani, akashuka bondeni chini ya Carama kwenye mkutano wa koperative, ushirika wa wakulima wa mpunga. Jua lilikuwa kali, vyura wakipiga kelele zao za kila siku.

Mashamba yalikuwa yagawiwe upya. Desturi ya pale ni kwamba kabla ya kugawa, rais wa koperative husimama pekupeku ndani ya mfereji wa kwanza na kusimulia jinsi kijiji kilivyoanza. Kila mtu anajua kilivyoanza. Mama Benite, mama mkwe wa Epiphanie, aliuchimba mfereji ule na wanawake wenzake, mpaka ukingo ukamporomokea. Mwili haukupatikana.

Rais mpya, Bonfils, tumbo mbele, akili nyuma, alikuja na bote za mpira hadi magotini. Mkulima gani huyo anayeogopa kulowa?

"Prezida, vua," Epiphanie akamwambia. "Yule mama hapendi viatu."

"We mujane, nyamaza. Mi si mutoto wa kuchezea matope."

Akaingia. Akasimulia kwamba mfereji ulichimbwa na baba yake, yule mlevi ambaye hata kaburi la mbwa hakuwahi kulichimba. Kwa hiyo, akasema, shamba la Epiphanie ni la ukoo wao. Watu wakaangalia chini, waoga wakubwa! Nao walijua Epiphanie hana kingine duniani ila shamba hilo.

Vyura wakanyamaza.

Maji yakasimama.

Chini ya matope, jembe likalia. Chwa. Chwa.

Bonfils akajaribu kuinua mguu. Ukagoma.

"Kuna mutu," akanong'ona. "Ananishika."

"Sema nani alichimba," Epiphanie akamwambia.

"Baba ya..."

Akadidimia. Matope yakafika karibu na midomo ya bote.

"Benite! Mama Benite! Shamba ni la mukwe wake!"

Wakamvuta. Akatoka bila bote. Zikabaki zimesimama mferejini, ndani kavu kabisa. Lakini kwenye ngozi yake, juu ya kifundo cha mguu, vilikuwapo vidole vitano vya matope mabichi.

Epiphanie amepanda mpunga wake. Bonfils amehamia Gihosha kwa dada yake, anavaa soksi ndefu joto lote hili. Juzi dada huyo alimvuta Epiphanie pembeni sokoni.

"Mama, yale matope tumeosha na sabuni, na petroli, na maji ya baraka. Apana kukauka."

"Basi azoee."

"Na vile vidole vimepanda, Mama. Leo vilikuwa kwenye goti."