Chini ya Mstari

Kilichomshtua Zuleha kwanza ni kwamba ukimya ulikuwa na picha.

Alikuwa kwenye studio yao ndogo pale Bugene, chumba kimoja nyuma ya duka la magodoro, kuta zimebandikwa trei za mayai, na Nadhira wake wa miezi saba yuko mgongoni, analialia kwa sababu ya meno. Mumewe Hanifu anarekodi, yeye anasafisha sauti: kaswida, kwaya, matangazo ya dawa ya panya. Macho yake yalishazoea. Mtu akiongea, wimbi linajichora kwenye skrini, nusu juu ya mstari wa katikati, nusu chini. Akinyamaza, unabaki mstari mtupu.

Siku hiyo alikuwa na wimbo wa Bibi Kokubanza wa Rugu. Kila mwaka bibi huyo huuimba peke yake kwenye kisima kilichofukiwa kibanjani kwake, katikati ya migomba, na mjukuu wake, mwalimu Adelard, aliomba urekodiwe palepale kisimani kabla bibi hajafa nao. Anaimba ubeti, ananyamaza. Anaimba, ananyamaza. Na kila aliponyamaza, palikuwa na wimbi. La chini tu. Juu hakuna kitu.

"Baba Nadhira, hebu njoo uone."

Hanifu alikuja na chapati mkononi. "Maiki hiyo. Nilikwambia ya mtumba itatusumbua."

"Maiki gani inaumwa bibi akinyamaza, akiimba inapona?"

"Basi kairoga." Akacheka. "Ikunje tu, ya chini ije juu. Adelard anakuja saa kumi na bibi yake."

Amri hiyo ipo kwenye programu: inachukua nusu ya chini na kuigeuzia juu ya mstari. Zuleha huitumia kupima nguvu ya sauti tu, halafu anarudisha kama ilivyokuwa, na kabla ya kugusa kitu hutunza nakala, ndivyo alivyofundishwa. Lakini mtoto alikuwa anamvuta nywele, mvua imeanza kupiga bati, saa inakwenda. Akazitia alama zile sehemu za kimya, akabonyeza, akahifadhi juu ya faili lilelile.

Akavaa hedifoni. Bibi akaimba ubeti wake, akanyamaza, na mtu akavuta pumzi.

Ilikuwa pumzi ndefu, ya mtu aliyezamishwa muda mrefu na sasa kichwa kimetoka nje ya maji, na ikaendelea kuvutwa bila kuachiwa, na chumba kikajaa harufu ya tope la kisima na majani ya mgomba yaliyooza, na Zuleha akataka kuzivua zile hedifoni lakini mikono ilikuwa mizito, na pumzi ile ikahama, akaisikia inahama, kutoka masikioni ikateremka shingoni, kutoka shingoni ikaenda mgongoni, na pale mgongoni Nadhira, aliyekuwa analia, akakatika katikati ya kilio.

Zuleha akafungua kanga, akamgeuza. Mdomo wa mtoto ulikuwa wazi, machozi yanatiririka, kifua kinapanda na kushuka. Sauti hakuna.

"Analia, Hanifu," alinong'ona. "Mtazame. Analia."

Bado wanamtikisa na kumpuliza usoni, bodaboda ikasimama nje. Adelard alimshika bibi yake mkono, wameloa wote. Zuleha hakukumbuka kuondoa viatu njiani wala kumpa kiti.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba." Kizee alisimama mlangoni, akanusa. "Nani kamtoa?"

Zuleha akaeleza yote kwa pumzi moja, mawimbi, amri, mtoto. Bibi akakaa chini taratibu, kwenye sakafu.

"Mimi huimba, naye hujibu kutoka chini. Ndipo najua bado yuko. Miaka arobaini na miwili tangu tumfukie kisimani, binti yangu, jini yule hajawahi kupanda hata shubiri moja."

"Mrudishe, waitu bibi. Imba. Nakuomba."

Bibi akaimba ubeti wa kwanza kwa sauti iliyopasuka. Akanyamaza, wakasubiri. Machozi ya Nadhira yalikauka. Akamtazama mama yake, akatabasamu, na kwenye mdomo ule usio na jino hata moja ubeti wa pili ukaimbwa wote, kwa sauti nzito ya mwanamume asiye na haraka.

Adelard alirudi nyuma hadi ukutani. Hanifu, asiyejua la kufanya, akafanya analolijua: akawasha maiki, akabonyeza kurekodi. Chumba kilikuwa kimya kabisa. Kwenye skrini, chini ya mstari, kulikuwa na wimbi dogo la harakaharaka, linakatika, linaanza tena. Zuleha hakuhitaji kuelezwa. Alikijua kilio cha mwanawe hata kwa umbo.

"Mpandishe," alisema. "Kunja, Hanifu, mpandishe."

"Atapanda akae wapi?" bibi alisema polepole. "Nyumba yake sasa ina mwingine. Mkimpandisha, atapotea hewani. Huko chini angalau yupo."

Hanifu akaondoa mkono kwenye kibodi.

Masika yamepita. Kila saa kumi jioni Zuleha anafunga mlango wa studio, anawasha maiki, anaimba ubeti mmoja wa kumbembeleza mtoto, ananyamaza, anatazama. Wimbi hujibu. Ni fupi kuliko la jana, na la jana lilikuwa fupi kuliko la juzi. Mgongoni, yule mwingine amenenepa, halii kamwe, majirani wanamsifu. Husikiliza wimbo akiwa ametulia, shavu lake la moto limelala kati ya mabega ya Zuleha. Leo mstari ulibaki mtupu. Zuleha akaimba tena, akanyamaza, akasubiri.

Aliyeitikia alikuwa mgongoni.